Matundu ya Mbele

Shemeji yangu hajui kusema "sijui". Umuulize chochote, jibu lake ni "bila shaka", na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bila Shaka, naye anaona ni sifa. Ni fundi umeme wa majumba, na kwa majumba simsemi vibaya, taa zake zinawaka. Shida ni kwamba kwa akili yake, chochote chenye waya ni nyumba.

Mimi natarizi. Chumba changu cha kazi kina meza mbili, moja ya mashine ya kutarizi, nyingine ya kompyuta. Ua nalichora kwenye kompyuta, nalitia kwenye flashi, flashi naichomeka kwenye mashine, mashine inashona. Lakini kasha la kompyuta linakaa chini ya meza, na matundu yake yote ya kuchomekea flashi yako nyuma, upande wa ukuta. Kila ua jipya, mimi na mgongo wangu huu tunapiga magoti na kuingia humo, kupapasa vumbi tukitafuta tundu.

Kompyuta ya zamani ilipokufa nikanunua nyingine iliyotumika. Hii ilikuwa na nafasi tupu kwa mbele, imezibwa kwa kipande cha plastiki, mahali pa kuongezea matundu. Mume wangu alipoiona alifurahi kama mtu aliyepewa kiwanja.

"Mdogo wangu atakuwekea. Hutainama tena."

"Fundi wa kompyuta si yupo pale barabarani?"

"Ndugu yupo, tumwite mtu wa nje? Atajisikiaje?"

Hiyo ndiyo nyumba niliyoolewa. Kila jambo linapimwa kwa jinsi Bila Shaka atakavyojisikia. Mgongo wangu unavyojisikia, hilo halina mwenyewe.

Flashi yenyewe ilikuwa na maua ya mama yangu. Mama ametarizi maisha yake yote na hajawahi kuchora ua hata moja kwenye karatasi. Alichora kwa chaki juu ya kitambaa, akashona, akakung'uta chaki, akauza. Mikono ilipoanza kumtetemeka alikuja kukaa kwangu. Akawa anachora ua kwenye kitambaa cheusi, mimi nafuatisha kwa mausi ya kompyuta, yeye ananigombeza: "Jani hilo limelala, liinue!" Ya mwisho aliyachora mkono mmoja ukiushikilia mwingine. Sasa hata kikombe tunamjazia nusu. Maua yake yote yalikuwa kwenye flashi ile, na tangu kompyuta ya zamani ife, hayakuwa mahali pengine popote. Alisharudi kwa kaka yangu, na kila akipiga simu anauliza nimeshona lipi la kwanza.

Kwa hiyo siku Bila Shaka alipokuja na mkoba wake, nilisema, "Ngoja kwanza niyahamishie maua kwenye kompyuta," nikapiga magoti.

Akacheka. "Shemeji, uingie huko tena kufanya nini, na mimi nimekuja kukutoa? Subiri kidogo tu."

Mume wangu akanishika mkono, akaniinua. Nikasubiri.

Alifungua kasha. Matundu aliyoleta aliyang'oa kwenye kompyuta mbovu ya mtu, na nyaya zake zilikuwa zimeachana, kila mmoja na kichwa chake: mwekundu, mweupe, wa kijani, mweusi. Kwenye bodi ya ndani, kando ya pini za kuchomekea, kulikuwa na maandishi madogo yanayoonyesha upi ukae wapi. Niliyaona mimi mwenyewe. Nikamwashia tochi ya simu ili asome.

"Niondolee mwanga machoni, shemeji. Waya ni waya. Mmoja unaleta, mwingine unarudisha."

Akazichomeka alivyojua yeye, akawasha kompyuta. Kisha akatoa kitaa kidogo cha tochi ya kizamani alichokiungia plagi, akakitia kwenye tundu jipya. Kikawaka. Ndivyo anavyopima nyumba za watu: taa ikiwaka, kazi imekwisha, anakunja mkoba. Mume wangu akapiga makofi. Na kabla sijasema neno, Bila Shaka akaichukua flashi mezani akaichomeka.

Hakikutokea kitu kwenye skrini. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Akaichomoa, akaiachia ianguke, akawa anapuliza vidole.

"Flashi hii ilikuwa mbovu," alisema.

"Asubuhi nimeitumia."

"Flashi za siku hizi, shemeji, hazina maisha."

Funguo zake zilikuwa mezani, na kwenye funguo kuna flashi yake, yenye picha za nyumba zote alizowahi kufunga umeme, anazowaonyesha wateja.

"Chomeka yako," nikamwambia.

Akaichukua. Akalitazama tundu. Akatazama flashi yake. Kisha akatia funguo mfukoni. "Ya nini sasa kujaribujaribu?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira mpaka macho yakaona giza. Nilimwambia yote niliyoyameza tangu siku ya ndoa. Nilimwambia kuwa yake anaijua thamani. Mume wangu alikuwa anafunga madirisha.

"Punguza sauti, majirani wanasikia. Ni bahati mbaya. Alikuwa anakusaidia."

"Wasikie!"

Fundi wa kompyuta wa barabarani alilitazama kasha mara moja tu. Waya mwekundu na mweusi zilikuwa zimebadilishana mahali. Taa ya namna ile haijali umeme unaingilia upande gani, alisema, lakini flashi inakufa papo hapo. Aliipasua, akanionyesha palipoungua, akatikisa kichwa.

Mume wangu alitaka mama asiambiwe. Nikasema ataambiwa, na atakayemwambia ni yule aliyeunguza. Nikampeleka Bila Shaka kwa kaka yangu, na njia nzima sikumpa hata salamu.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya mapaja. Alimwona akachangamka. "Karibu, mwanangu. Nimesikia umemwekea mwenzio matundu ya mbele. Ahsante sana. Nilikuwa nauonea huruma ule mgongo."

Bila Shaka akanigeukia.

"Mwambie," nikasema.

Akamwambia, macho sakafuni. Mama akamgeukia.

"Yote?"

"Yote, mama."

"Basi usiumie, mwanangu," mama alimwambia, yeye ndiye anayembembeleza mgeni. "Nitachora mengine."

"Ndiyo, mama," Bila Shaka alidakia, uso umemng'aa kwa nafuu. "Utachora mengine, mazuri kuliko yale."

Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka pale pale mbele yake. Nilifungua mlango, nikamwambia atoke.