Picha Haina Umri

Jumapili ya pili ya Oktoba, baada ya misa ya saa nne, wanaume wa parokia walipanga foleni katika ukumbi wa kanisa huko Malvern, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Watu wa hospitali moja ya mjini Toronto walikuwa wamekuja kuzungumzia saratani ya tezi dume. Walileta vipeperushi, sambusa na kamera. Tharcisse, ambaye kazi yake ni kwenye kiwanda cha mikate, alipofika mbele alipewa fomu akaisaini, akavalishwa shati la buluu lisilo lake, akaambiwa acheke. Akacheka.

Msimwone mjinga. Tharcisse alikulia kambi ya wakimbizi huko Kigoma, na kambini hakuna kilichoanza bila picha. Unapigwa picha, unapewa kadi, na kwa kadi unapata unga, blanketi, hata dawa ya minyoo. Kwa hiyo alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Dative, "Mama Joyeuse, nimeshapigwa picha. Imebaki kuitwa nikapimwe."

Dative akashusha pumzi. Hyacinthe, kaka yake Tharcisse, alikufa kwa ugonjwa huo akiwa na miaka hamsini na mmoja. Tharcisse alikuwa na arobaini na sita, na kila usiku aliamka mara tano kwenda chooni. Alikuwa anaogopa. Tusizungushe maneno, alikuwa anaogopa sana.

Hakuitwa. Januari akaenda mwenyewe kwa daktari wa familia, Kamrudin, mzaliwa wa Tanga, mtu mpole mwenye Kiswahili kitamu.

"Kuamka usiku? Punguza chai," alisema daktari. "Kipimo cha damu ni kuanzia miaka hamsini, ndugu yangu. Mwongozo ndivyo unavyosema."

"Lakini nasikia sisi weusi ugonjwa huu unatuanza mapema."

"Huenda ni kweli. Ila mwongozo umetokana na utafiti, na kwenye utafiti mlikuwa wanne. Kwa watu wanne hatuwezi kusema kitu."

"Basi niandikeni niwe wa tano."

"Utafiti unachukua waliokwisha kupimwa."

Tharcisse alilielewa hilo bila shida. Kambini pia lilikuwepo dirisha la namna hiyo, la kudai kadi kabla ya kukupa kadi. Alimshukuru daktari, akavaa koti lake, akarudi kazini.

Machi ndipo simu ilipolia. Alikuwa Lynette, Mkenya, yule dada wa hospitali aliyemvalisha shati.

"Si nilikwambia wataniita?" Tharcisse alimnong'oneza mkewe, uso umemchanua.

"Mzee, ni kuhusu picha yako," alisema Lynette. "Inatoka ukutani."

Picha ilikuwa imewekwa kwenye fremu ndefu kama mlango, karibu na lifti, na juu yake maneno makubwa ya Kiingereza ya kuwahimiza wanaume wawahi kupimwa. Tangu Februari ilikuwa inashuka kila baada ya saa moja kwenda chooni, ghorofa ya pili. Mpiga picha aliikatia magotini, kwa hiyo ilitembea polepole, na mara mbili haikuwahi. Wafanya usafi walilalamika. Wageni walilalamika zaidi, maana walikuta fremu tupu. Uongozi ukaamua picha ipimwe, kwa kuwa ni mali ya hospitali na mali ya hospitali hutunzwa. Majibu yalitoka baada ya siku nne. Saratani, bado changa, inatibika. Upasuaji ungekuwa Alhamisi.

"Na mimi?" aliuliza Tharcisse.

"Wewe hujafika hamsini, mzee. Picha haina umri."

"Lakini sura si yangu?"

"Ni yako. Nimewauliza mara mbili, haki ya Mungu." Lynette si mtu mbaya. Kisha akaeleza lililobaki: fremu haiwezi kukaa tupu, wafadhili wanakuja, je, angeweza kusimama yeye mpaka picha ipone?

Tharcisse aliuliza kama madaktari bingwa hupita hapo. Alipoambiwa wanapita wote, akakubali papo hapo.

"Jamani!" Dative alifoka kutoka jikoni. "Mgonjwa haulizwi uji, hawa wanampa fremu!" Hata hivyo, shati la buluu alilipiga pasi yeye.

Tharcisse akasimama. Bingwa aliyeipasua picha alipita asubuhi ya kwanza na wanafunzi wake, akamwonyesha kwa kalamu. "Huyu tulimwahi," aliwaambia. Siku ya tatu Tharcisse alikusanya Kiingereza chake chote akasema, "Daktari, mimi si picha. Naomba kipimo." Bingwa alimsogelea, akamtazama macho, akaandika kwamba mgonjwa ameanza kuongea na kwamba hiyo ni dalili njema. Akamwingiza kwenye utafiti. Sasa watu weusi walikuwa watano.

Picha iliruhusiwa baada ya wiki moja na kupelekwa Malvern, nyumbani kwa Tharcisse, maana ndiyo anwani iliyokuwa kwenye fomu. Dative aliipakulia maharage na ndizi. Binti yao Joyeuse aliiuliza kwa Kiingereza kama inataka maji, ikataka, akaipa, akawahi basi la chuo.

Hospitali ilisema picha ipumzike. Imekonda, na wageni wanampenda zaidi huyu mwenye nyama. Fomu ilisema bango litakaa miaka minne. Tharcisse alipiga hesabu akaona atashuka akiwa na hamsini kamili, akajiambia si mbali.

Jumamosi mchana Dative alimletea chakula. Alikuta mumewe amebana magoti, jasho linamtoka.

"Picha inalala?" Tharcisse aliuliza.

"Hadi asubuhi. Haijui hata choo chetu kiko wapi."

"Afadhali. Nishike mkono, Mama Joyeuse."

Alimshusha, akamtazama anavyoshika ukuta kuelekea ngazi. Kisha akapanda yeye kwenye fremu, kama alivyofanya Jumamosi iliyopita, akanyoosha mgongo chini ya yale maneno. Bingwa akapita na wafadhili wawili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dative akacheka, kama picha inavyotakiwa.

Jumamosi iliyopita lifti ilipanda mara sita kabla mumewe hajarudi. Leo ilipanda ya saba, ya nane, ya tisa. Dative aliendelea kucheka, macho yake kwenye ngazi, akisubiri ya kumi.