Upande wa Shinani

…kwa sababu ukishajua mtu anachagua nini umeshammaliza, hana pa kutokea, na Theophil anajulikana, tangu wadogo anajulikana, kwa hiyo Salvatory mdogo wake hana haraka, amepiga goti moja kwenye udongo wa shamba la marehemu baba yao hapa Nangara, kigingi mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, watu watatu wanamtazama kisogo, na watazame, bingwa hakimbizwi, nendeni stendi mkaulize kwenye kijiwe cha bodaboda ni nani anayewafunga wote drafti mpaka wanasingizia kete zimechakaa, mtatajiwa jina moja tu, na mwenye jina hilo aliacha shule kidato cha pili kwa hiari yake, walimu walikuwa wanamchelewesha… "Haya baba, piga tumalize," anasema Shangazi Domitila, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, kitenge kichwani, mfuko wa miwa iliyomenywa mapajani, anatafuna na kutema makapi kama mtu aliyelipa kiingilio, "kaka yako ana gari la kuwahi Dodoma," na Mzee Sadallah, mwenyekiti wa mtaa, ambaye hajawahi kukosa neno hata msibani, anadakia, "Kijana, hicho kigingi unakipiga au unakiombea?" na wanacheka, cheka mzee, cheka, ungejua kichwani humu kunapikwa nini ungevua kofia… kigingi kimeshika udongo kwa ncha tu, bado hakijaingia, ukikisukuma kwa kidole kinalala, na kikishaingia basi, huku kutakuwa kwa mmoja na kule kwa mwingine mpaka wajukuu, ndiyo maana mkono uko juu na haushuki… shamba lenyewe ni refu na jembamba kama mkanda, juu limegusa barabara, malori yanapita, watu wa kufungua fremu za maduka wanakuamkia shikamoo hata kama wewe ndiye mdogo, chini limeteremka mpaka bondeni kando ya ziwa, maji yanapanda masika, na viboko nao wanapanda, wanakula mahindi ya mtu kama vile palizi walishiriki, sasa mtu mwenye akili anataka wapi, anataka juu, Salvatory anataka juu, gereji ya pikipiki ameshaiona, anaona kibao, anaona jina lake kwa rangi nyekundu, anaona mafundi wawili chini yake wakimwita bosi… ila juu kila mtu anapataka, hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu shangazi amekataa futi kamba ya mwenyekiti, amesema futi kamba haijui barabara wala haimjui kiboko, mkipima sawasawa kwa urefu, mmoja ataumia, tutafanya kama alivyokuwa anafanya mama yenu, Mungu amlaze pema, mmoja akate, mwenzake achague, na sitaki kelele… mama alianza hivyo kwa muwa, mnapewa muwa mmoja na kisu kimoja, Salvatory kwa sababu ni mdogo anakata, Theophil kwa sababu ni mkubwa anachagua, na mama anageukia sufuria zake, hataki kesi… na juzi, hebu ona mambo, abiria aliyempakia kwenda Bonga, mzee wa miwani, kumbe anafundisha uchumi chuo kikuu, kaja kwenye harusi ya mpwa wake, njiani anasimulia kwamba kuna elimu nzima ya hayo, nadharia ya michezo, wafanyabiashara wawili, nchi mbili, ndugu wawili, kila mmoja anaamua huku anakisia mwenzake ataamua nini, na watu wamepewa tuzo kubwa kwa ajili hiyo, na huo wa kukata na kuchagua upo ndani, umeandikiwa hesabu, Salvatory akageuka nusu pikipiki iwatupe mtaroni, "Mzee, kumbe mimi ni profesa na nilikuwa sijui!" mzee akacheka akamshika kiuno vizuri zaidi, akasema anayekata akiwa hamjui mwenzake atakata sawa kwa woga, lakini akimjua, aa, akimjua anachopenda anaweza kukata apendavyo na mwenzake akashukuru… akimjua, umesikia, na nani duniani anamjua Theophil kama Salvatory, walilala kitanda kimoja, Theophil ni mtu wa urefu, mpe kirefu ameridhika, muwa ukikatwa Salvatory alikuwa anaacha kipande kifupi cha shinani, kile chenye pingili za kubanana, kigumu lakini sukari tupu, na kipande kirefu cha kuelekea majani, maji matupu, kama kutafuna fimbo iliyonyeshewa, halafu anatazama pembeni, anapiga mluzi, na Theophil anasimama hivi, mikono nyuma, anatazama kimoja, anatazama kingine, anachukua kirefu, kila mara, kila mara kirefu, na Salvatory anakimbilia nyuma ya banda kucheka mdomo umejaa sukari… sasa na leo ni muwa tu, muwa wa udongo, shinani ni barabarani, nchani ni bondeni, akipiga kigingi katikati Theophil atachukua juu, nani asingechukua, akikipiga karibu mno na barabara kipande cha juu hakitatosha hata pikipiki kugeuza, kwa hiyo kuna mahali, kuna sehemu moja tu, na sehemu yenyewe ni hii aliyopiga goti, juu yake inatosha gereji na choo na banda la chai, chini yake linabaki jishamba linaloteremka mpaka jicho linachoka, na mtu wa urefu akiona urefu ule… "Viboko bado wanapanda mpaka huku?" ni sauti ya Theophil, anamwuliza mwenyekiti, na mwenyekiti anasema, "Wanapanda mwalimu, wiki iliyopita wamemaliza maboga ya jirani yenu hapo," na Theophil anasema, "Hawajabadilika," taratibu, na Salvatory moyoni anasema ogopa, ogopa tu, lakini urefu utakushinda… lakini subiri, cheza kama drafti, usisogeze kete kabla hujakaa kwenye kiti cha mwenzako, je Theophil akijua kwamba najua anapenda kirefu, akachukua kifupi makusudi anikomoe, hapana, Theophil hakomoi mtu, Theophil akikanyagwa mguu ndiye anayeomba radhi, na je akijua kwamba najua kwamba anajua… hapo hata kwenye drafti kichwa kinauma, ila drafti ina raha yake, kula ni lazima, ukimlisha mtu kete hana ujanja, anakula, na akishakula unamfagia mpaka mstari wa mwisho, na Theophil siku zote analishwa na siku zote anakula, mwalimu wa hesabu mzima, watoto wa watu Dodoma wanafundishwa na mtu asiyejua shina la muwa, Salvatory amewahi kuisimulia hiyo kijiweni, watu walilala chini kwa kucheka… "Mwalimu, karibu muwa, usisimame kama mgeni," anasema shangazi, na mfuko unachakarika, Salvatory anageuza shingo kidogo tu, kwa jicho la pembeni, la kibingwa, anaona mkono wa kaka yake umeingia mfukoni, haujatoka, unatafuta, unapekua, kipande kirefu cheupe kimejitokeza juu kabisa, laini, kiko tayari, na mkono unakisukuma kando, unashuka chini ya mfuko, unatoka na kipingili kifupi, kinene, kilichobanana mafundo, rangi ya njano iliyoiva… cha shinani… Theophil anakitia mdomoni bila kukitazama, kama mtu anayevaa viatu vyake mwenyewe… "Umekijulia," anasema shangazi, "hicho ndicho nilikuwa najiwekea," na Theophil, mdomo umejaa, "Shangazi, mimi tangu mdogo ndicho ninachopenda"… nini… kasema nini… nyundo bado iko juu… tangu mdogo, tangu mdogo lini, mdogo yupi, huyo mdogo aliyechukua kirefu kila mara alikuwa nani, mtu anaweza kukosea mara moja, tuseme mara mbili, lakini mtu wa kwanza darasani, mtu aliyekuwa anawafanyia jirani zake hesabu kwa malipo ya maembe, akosee muwa uleule miaka yote bila hata kubahatisha, hata kipofu angebahatisha siku moja… na alikuwa anasimama, mikono nyuma, anatazama kimoja, anatazama kingine, alikuwa anatazama nini muda wote ule kama alishajua, alikuwa anajifanya anafikiri, alikuwa ananipa muda nipige mluzi wangu… kwa hiyo mwenzangu alikuwa anakaa na ile fimbo yake ya maji anatafuna, na kule nyuma ya banda mimi nacheka, na yeye ananisikia nacheka, lazima alikuwa anasikia, banda lilikuwa la fito… nani alikuwa anamlisha nani… yule mzee wa miwani alisema kitu wakati anashuka Bonga, alishafika mlangoni, watu wa harusi wanampokea begi, akageuka, akasema kijana, hesabu zote hizo zinaanza na kujua mwenzako anataka nini, na hapo ndipo tunapokosea sisi, tunadhani kila mtu anataka kipande, na Salvatory akasema "Poa mzee," akapiga stati, alidhani mzee anatafuta la kuagia… anataka nini Theophil, hilo swali, angalia lilivyo rahisi, Salvatory amekisia atachagua nini tangu ana meno ya utotoni, na hajawahi kujiuliza anataka nini, sasa anajiuliza, na ajabu yake haimuumi, inamwasha tu, kama alipoona drafti kwa mara ya kwanza watu wakubwa wakisukuma vizibo vya soda kimya kimya akasema lazima nijue hawa wanaona nini… labda anataka barabara, ana mke, ana watoto watatu, kustaafu kunakuja, mtu gani hataki barabara, au labda anapataka bondeni kwelikweli, "hawajabadilika," alisema vile, na Salvatory alisikia woga, lakini lirudie, lisikilize tena, hawajabadilika, husemi hivyo juu ya kitu unachokiogopa, unasema hivyo juu ya watu wa kwenu, na baba alikuwa anamchukua yeye kwenda kuwafukuza viboko kwa debe na fimbo, wanarudi wamelowa wanacheka, Salvatory alikuwa mdogo haruhusiwi… au hataki juu wala chini, anataka tu mdogo wake asikimbie nyuma ya banda akalia… haya, tuseme atachukua chini, tuseme liwalo na liwe atachukua chini, kama muwa, basi nikipiga kigingi hapa atachukua chini, nikipiga katikati atachukua chini, nikisogea chini kabisa nikamwachia kipande cha tope na viboko wawili bado atasimama mikono nyuma, atatazama kimoja, atatazama kingine, na atachukua chini… kwa hiyo kigingi hakimkamati tena, hakina mtego wowote, kigingi kinanikamata mimi, popote kitakapoingia hakitamwambia mtu Theophil amechagua nini, kitasema tu Salvatory alijikatia kiasi gani akijua… lo… basi nimpe nyundo, kata wewe nichague mimi, ndiyo, hapo nitamwona, hapana, atakata gereji yangu na choo na banda la chai na nafasi ya pikipiki kugeuza, ataniachia nichague, na mimi nitachagua nini, nitachukua bondeni ili nimshinde, tutabaki hapa wawili tunashindana kujipunja mpaka mwenyekiti aote mizizi… hii haimo kwenye drafti, kwenye drafti hakuna mtu anayefungwa makusudi miaka yote na kwenda kulala ameshiba, mzee wa miwani angekuwepo ningemuuliza, mzee, na huyu mnamwandikia hesabu gani… "Jua linatuua, mwenzetu kasinzia," anasema Mzee Sadallah, "Domitila, mwanao huyu kasinzia na nyundo mkononi." "Hajasinzia," anasema Theophil, "mwache, anakata," na sauti yake ni ileile, ya pale mlangoni pa jikoni kwa mama akisubiri muwa ukatwe, mtu mwenye subira yote duniani, na Salvatory bila kuinuka, goti limekufa ganzi, kigingi kimesimama kwa ncha, hakijaingia hata ukucha, anageuza kichwa chote safari hii, si jicho la pembeni, anamtazama, kaka ana mvi za pembeni, tangu lini ana mvi, anasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Kaka, ile miwa ya mama… ulikuwa unajua?" Shangazi anaacha kutafuna. Theophil yuko palepale, mikono nyuma, anatazama juu barabarani, anatazama chini bondeni, anatema makapi, anajifuta mdomo taratibu kwa kiganja.

"Miwa ipi?" anasema.