Unga wa Shangazi

Shangazi hakubisha hodi wala hakungoja salamu. Alipanga makopo ya unga wa kupunguza mwili juu ya meza ya kukatia ya fundi cherehani, mtoto wa kaka yake, mbele ya wateja.

"Tangu nianze kuunywa huu, nguo zote zinanipwaya! Jiungeni chini yangu, na nyie mtauza."

Fundi alijikaza, akashindwa.

"Samahani, shangazi, gauni lako tayari. Nimelipanua mara ya tatu. Kitambaa cha akiba kwenye mishono kimeisha."

Shangazi hakupepesa hata jicho.

"Mmeona? Mafuta yanajikusanya yatoke kwa mkupuo!"

Mteja mmoja akafungua pochi. Fundi akavuta daftari la vipimo, akaandika kwenye jina la mteja huyo: "Acha akiba ya kutosha."