Watu Wasiopanda Miti

Siku Baba alipotutoka, jembe lake lilikuwa bado na tope bichi. Alikuwa ametoka kupalilia wimbi lake kwenye kile kipande cha ardhi kilicho wazi nyuma ya nyumba za mtaa wetu wa Jericho. Akaliegemeza jembe ukutani, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Niliporudi na kikombe nilimkuta ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio, na redio haikuwa imewashwa. Ilikuwa Aprili, mwaka 1994, na mvua ilikuwa imeanza vizuri.

Watu wengi mtaani walimjua Baba kwa shamba lile kuliko kwa kazi yake ya kiwandani. Akitoka zamu alibadilisha viatu tu, hata shati la kazi hakulivua. Alilima sukuma wiki, kunde, mahindi, na wimbi la uji. Jirani akikosa mboga alienda kuchuma, kisha ndiyo anakuja kusema.

Lakini mti hakupanda. Hata mpapai. Nilipokuwa darasa la tatu nilifukia kokwa la parachichi karibu na mfereji, likachipua majani mawili. Baba aliling'oa taratibu, akaniwekea mkononi kama anayerudisha kitu cha mwenyewe.

"Annah, sisi hatupandi miti."

"Kwa nini, Baba?"

"Babu yangu Mulongo hakupanda. Baba yangu hakupanda. Sasa mimi ni nani?"

Nadhani sababu hakuijua, maana Baba akijua jambo alilisema. Juu ya huyo Mulongo alijua machache. Alikuwa mkulima ng'ambo ya mto Nzoia, zamani kabla reli haijafika huko. Alilima wimbi na mtama. Alipokufa alizikwa ndani ya boma la mtu aliyeitwa Andati. Basi. Nasi tuliridhika na hayo, mpaka mdogo wangu Nafula alipopata mchumba.

Mimi na Nafula tulikuwa na kibanda cha kushona pale soko la Jericho. Isaka alileta suruali ipunguzwe miguu. Wiki iliyofuata akairudisha ipanuliwe kiuno. Kisha ikawa zipu, kisha mfuko. Siku alipoileta tena nilimwambia Nafula, "Suruali hii haina ugonjwa. Mgonjwa ni mwenyewe."

Isaka alisikia, akacheka mpaka akaegemea mashine. Hapo nikajua ni mtu mzuri.

Jina lake kamili ni Isaka Andati. Tulipolisikia tuliulizana kidogo habari za ukoo, kwa sababu kwetu watu waliotoka kwa babu mmoja ni ndugu, hata babu huyo awe wa zamani namna gani, na ndugu hawaoani. Lakini ukoo tuliotajiwa na Baba ulikuwa mwingine kabisa, si wa kina Isaka. Tukatulia.

Mwaka mmoja baada ya msiba, wazee wa Isaka walikuja kutoka mtaa wa Umoja kujitambulisha. Aliyewaongoza ni baba yake, Mzee Ernesti, mstaafu wa reli, mtu mrefu mwenye kofia aliyoivua kila alipotaka kusema. Upande wetu aliketi Baba mdogo Wafula, ndugu yake Baba. Aliketi kwenye kiti cha Baba. Kuku alipoletwa, alijichukulia firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, akaitafuna polepole ili kila mtu aone.

Wageni wakaanza kusifia kwao. Mzee Ernesti akaeleza ukubwa wa ardhi ya babu yake Andati, ng'ombe wake, na boma lake lenye ukuta wa udongo. Nilimwona Baba mdogo anaanza kuhangaika kitini. Hakutaka tuonekane wadogo.

"Andati huyo hatumfahamu kwa kusikia tu," akasema. "Mulongo, babu yetu, amezikwa ndani ya boma lile lile. Ndani! Unafikiri mtu huzikwa hapo bure? Mulongo alikuwa damu ya Andati. Ardhi ile tunaijua sisi!"

"Lakini ukoo wenu..." akasema Mzee Ernesti.

"Hilo jina la ukoo ni la upande wa mama. Damu ni moja."

Mzee Ernesti akaweka kikombe chini, akavua kofia.

"Kama damu ni moja," akasema kwa upole, "basi tumekuja kuposa dada yetu. Tusameheni."

Wakaondoka chai ikiwa bado moto. Baba mdogo akabaki na mfupa mkononi. Alikuwa ameshinda mashindano, na binti akakosa mume.

Asubuhi jirani yetu Bi Mishi, mzaliwa wa Mombasa, alikuja kuuliza kilio cha Nafula usiku kilikuwa cha nini. Nikamweleza.

"Kwa ajili ya babu wa babu?" Akajipiga kifua. "Lahaula! Kwetu binamu ndiye huulizwa kwanza. Akikataa ndipo wengine wanapewa nafasi."

Nafula alikuwa amejifunika leso hadi usoni. "Basi nisilimu, Bi Mishi?"

"Silimu kwa ajili ya Mungu, mwanangu, si kwa ajili ya suruali ya Isaka."

Nafula akacheka ndani ya leso, kisha akalia tena. Mimi nikafikiria kitu kimoja tu: Baba angekuwepo, angemaliza mambo haya kwa sentensi moja. Sasa ilibidi niitafute sentensi hiyo mwenyewe.

Nilianza kwa Senge Muhonja, dada yake Baba, anayeishi Umoja na mwanawe. Nilimkuta anachambua maharagwe, na televisheni inaonyesha mieleka, anaishangilia.

"Wafula ni mwongo tangu akiwa na meno ya maziwa," alisema kabla sijakaa. "Mulongo hakuzaliwa pale. Alikuja. Mama yangu aliniambia: alikuja mwaka wa njaa, mkewe ana mtoto mgongoni, na yeye ana mbegu ya wimbi ndani ya kibuyu. Walikula mizizi njiani, mbegu hawakuigusa."

"Alitoka wapi?"

"Alikotoka! Njaa haiulizi anwani. Mpige! Mpige huyo mnene!" Hilo la mwisho aliwaambia wa mieleka.

Nilirudi Jericho nikiwa na furaha kama niliyeokota mkufu. Lakini Baba mdogo aliikanyaga mara moja. "Mtu akirudi kwao kutoka safarini, si anakuja pia? Kuja si ushahidi." Na Mzee Ernesti, Isaka alipompelekea habari, alijibu kwamba kisa cha kibuyu ni kizuri, lakini yeye hawezi kuoza mtoto kwa kisa. Hata hivyo alimpenda Nafula. Akakubali kuja mara moja zaidi, amsikie Senge kwa masikio yake, kisha jambo lifungwe.

Miezi ile nilizoea kuliangalia jembe la Baba pale ukutani. Nilijaribu kumfikiria Mulongo, na kila mara alinijia na shati la kiwandani.

Siku ya pili ya wageni ilikuwa Jumapili alasiri. Senge alieleza habari za njaa na kibuyu, vizuri kuliko alivyonieleza mimi. Mzee Ernesti alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, sikukatalii. Lakini asiye wa nyumba hazikwi ndani ya boma. Hapo ndipo ninapokwama."

Nafula alikuwa mlangoni na birika la chai.

Wakati huo huo Bi Mishi akapiga hodi. Alikuwa amebeba mche kwenye kopo la rangi. "Nimesikia leo mna wageni, nikasema nisije mikono mitupu. Mwarobaini huu. Utawapa kivuli, na majani yake ni dawa."

Nilisimama kumpokea, nikaona haya, maana Baba aliwahi kumrudishia mche kama huo. "Asante, Bi Mishi. Lakini unajua kwetu. Sisi hatupandi miti."

"Hata sasa? Haya, mtakaa juani mpaka kiyama."

Wageni wakacheka. Mzee Ernesti hakucheka. Alivua kofia.

"Nani hapandi miti?"

"Sisi," nikasema. "Baba hakupanda. Hata mpapai. Alisema babu yake hakupanda."

"Na wewe, mama?" akamgeukia Senge.

"Mimi? Nimelima maisha yangu yote, na kivuli nimekaa cha majirani. Ni mwiko wetu. Usiniulize sababu."

Mzee Ernesti akalipiga goti lake kofi kubwa. "Sababu ninayo mimi! Mgeni akija kwa Andati, hupewa ardhi alime apendavyo. Wimbi, mtama, viazi, mavuno yote ni yake. Neno moja tu: mti asipande. Mazao yanaisha kwa msimu, lakini mti hukaa, na kesho wajukuu wake watasema hapa ni petu, ulizeni mti huu. Wa nyumba hapandi kwa ruhusa ya mtu, anapanda tu. Anayekatazwa ni mumenya. Mpangaji!"

"Mumenya?" Baba mdogo akasimama.

"Subiri, ndugu yangu. Kwetu kuna kisa kimoja nilichokisahau mpaka sasa hivi. Babu alikuwa na mumenya mmoja aliyemlisha mwaka ambao wimbi la boma zima lilikufa. La mgeni halikufa. Babu akaapa hatamzika nje kama mtu wa njia. Akamzika ndani, karibu na lango. Jina lake tulilipoteza, kwetu ni 'Mgeni' tu. Kumbe ni Mulongo!" Sauti yake ilipanda. "Mumenya ana ukoo wake. Tunawaoza, wanatuoza. Hamkuwa ndugu zetu hata siku moja!"

Nafula aliliweka birika sakafuni, akapiga vigelegele pale pale mlangoni. "Sisi ni wapangaji! Annah, sisi ni wapangaji!" Sijawahi kumwona mtu akiufurahia upangaji namna ile.

Baba mdogo peke yake ndiye aliyekuwa amenuna. "Mimi, Wafula, mjukuu wa mpangaji? Mbele ya watu?"

"Kaa chini," Senge akamwambia. "Nyumba unayolala ni ya kanju, ya baraza la jiji. Kodi unampelekea nani, babu yako? Tangu lini hukuwa mpangaji?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, mpaka Bi Mishi ambaye hakuelewa nusu yake. Baba mdogo akajaribu kushikilia uso, ukamponyoka. Kuku alipokuja, aliitazama firigisi kwa muda, akaisukuma upande wa Mzee Ernesti.

"Kula, mwenye nyumba," akasema. "Usije ukatufukuza."

Walipomaliza kula, Mzee Ernesti aliuliza mche uko wapi. Akatoka nao nje, sote nyuma yake, hadi ukingo wa shamba la Baba, ambalo mimi nilikuwa nimelilima kidogo tu tangu afe, kwa jembe la kuazima. Akasema mbele ya watu kwamba yeye ni mjukuu wa Andati, na kuanzia siku ile watu wa Mulongo wapande wanachotaka.

"Hapa ni Jericho, Mzee," Isaka akamnong'oneza. "Ardhi ni ya kanju."

"Kanju nayo itakuja kuomba kivuli."

Nilichukua jembe la Baba. Tope la siku ile lilikuwa limekauka juu yake na sikuwa nimelisafisha. Nilipochimba, tope likabanduka lenyewe, likaingia shimoni pamoja na mche. Nilitamani tu Baba angesikia, kwamba yale majani mawili ya parachichi hayakuwa na kosa, wala yeye hakuwa na kosa kuyang'oa. Alikuwa anatunza ahadi ya mtu mwingine.

Nafula na Isaka walifunga ndoa mwezi wa Desemba. Wanaishi Umoja, na Isaka amepanda parachichi kando ya tangi la maji.

Mwarobaini wa Jericho umefika usawa wa dirisha. Asubuhi naumwagilia mimi, na Baba mdogo Wafula huja jioni kuumwagilia tena.