Kikaguzi Kilichonyamaza

Shangazi yake hakuwa mtu wa kulalamika, ndiyo maana maneno yake yalimkwama mtengeneza tovuti kama mwiba wa samaki kooni. Alisema ukurasa wa kliniki, ule wa kuombea miadi, siku hizi kwenye simu yake hufunguka mweupe pe, hauna hata kitufe. Simu ilikuwa kuukuu, kweli, lakini zamani ulifunguka vizuri tu.

Ukurasa huo ulitengenezwa ofisini kwao. Na hapo ofisini walikuwa na kikaguzi, programu inayousoma msimbo kabla haujapelekwa hewani na kupiga kelele ikikuta jambo ambalo vivinjari vya zamani havilielewi. Kilikuwa na gubu kuliko mama mkwe. Sasa akajiuliza ni lini kilimgombeza mara ya mwisho. Hakukumbuka. Na mwenzake, yule waliyembandika jina la Kasi, kazi zake zote zilikuwa zikipita bila doa. Kimya kingi kina mshindo.

Asubuhi aliwahi ofisini. Aliandika makusudi mstari ambao simu ya shangazi isingeuelewa hata kwa dawa, akaupeleka kwa kikaguzi. Ukapita. Akaandika mwingine, mbovu zaidi. Nao ukapita.

Akafukua kumbukumbu za mabadiliko amjue aliyekiziba mdomo. Jina alilolikuta lilikuwa lake mwenyewe.

Akatazama tarehe. Ilikuwa siku ile alipoitwa shuleni, mwanawe ana homa, akatoka mbio na kuiacha kompyuta wazi.

Kasi alipoingia akasalimu, mwanamke hakuitikia. Alimgeuzia kioo cha kompyuta asome.

Kasi alisoma, akavuta kiti. "Ni mimi, dada. Mkuu alitaka ukurasa utoke siku ileile, na kikaguzi kinakataa. Mwenye ruhusa ya kukizima ni wewe tu, na mashine yako ilikuwa wazi."

"Na jina langu je?"

"Sikulifikiria."

Mwanamke akaenda kwa mkuu. Mkuu alisema yeye alihimiza kazi tu, hakumtuma mtu kuzima chochote. Kisha, kwa upole uliozidi kiasi, akauliza mbona kumbukumbu zinamtaja mwanamke mwenyewe. Kumbe mkuu alikwisha kuzitazama. Lini, na mbona alinyamaza?

Alirudi mezani akakiwasha kikaguzi. Maonyo mekundu yakamiminika, mengi ya Kasi, mengine yake pia. Walikaa wawili wakirekebisha moja baada ya jingine, wakisemeshana yale ya lazima tu. Jioni shangazi akapiga simu: kitufe kimerudi, miadi ameshapata, na huyo uliyesema anakusaidia naye Mungu ambariki.

Kasi alisikia, akatabasamu, akaenda kuchemsha chai. Alipomletea kikombe, mwanamke alishukuru. Kwanza akaiwekea kompyuta neno jipya la siri, akiikinga kwa bega, ndipo akanywa.