Upande wa Kushoto wa Bi Edelmira

Jumanne asubuhi Bi Edelmira Quiroz aliketi kibarazani na kahawa yake, na kabla kikombe hakijapoa kiazi kikuu kilichokuwa karibu na mguu wake kilikuwa kimeongezeka ukubwa wa ngumi. Alikisukuma kando kwa kisigino. Tangu uvimbe uonekane kwenye pafu lake la kushoto, kila kilichowekwa upande huo kilikua.

Bonde zima la Sinú lilikuwa limezoea. Majirani walileta mbegu za mahindi na vifaranga. Mzee Rosendo, wa nyumba ya pili, alileta upara wake.

"Nisogelee kidogo, Bi Edelmira."

"Kaa hukohuko. Nywele zikiota utaanza kusumbua wajane."

Yolima, binti wa kaka yake Bi Edelmira, alifanya kazi katika maabara ya saratani huko Medellín. Alipokuja likizo alimweleza.

"Shangazi, kwenye utando wa seli kuna kimeng'enya kinaitwa kinasi. Kikipata ujumbe kutoka nje, kinabandika alama ya fosfeti kwenye kimeng'enya cha pili, cha pili kwenye cha tatu, mpaka amri inafika kwenye kiini: gawanyika. Ujumbe ukiisha, kinazimika. Chako hakizimiki. Hakuna aliyekituma, kinaamrisha tu."

"Kama marehemu mama mkwe wangu."

"Na sasa anasikika mpaka nje. Lakini kipo kidonge cha kukiziba."

Kampuni ya bima ilijibu kwamba suala la kidonge linashughulikiwa. Basi wakaenda mahakamani, kama wanavyofanya wagonjwa wote wa huko bima inapochelewesha dawa. Hakimu alikuja mwenyewe kutazama, akaketi upande wa kushoto. Alipomaliza kusoma majalada, ndevu zilikuwa zimemfika kifuani. Aliomba mkasi, akaamuru kampuni itoe dawa. Majirani walipika supu ya kuku kusherehekea.

Dawa ya mwezi wa kwanza ilifika. Uvimbe ukasinyaa, na viazi vikabaki vilivyo.

"Kwani lazima umeze kila siku?" Rosendo aliuliza. "Hata Jumapili?"

"Nipumzike nife, wewe uvune?"

"Nimeuliza tu, jamani."

Dawa ya mwezi wa pili haikufika. Kampuni ilieleza kwamba amri iliitaka itoe dawa, nayo ilitoa. Yolima alirudi mahakamani kuishtaki kwa kudharau amri. Foleni ya wenye shauri kama hilo ilitoka nje na kuzunguka jengo, na watu walikuwa wamekuja na viti vyao.

Yolima akiwa kwenye foleni, Rosendo alimpigia simu.

"Binti, nguzo ya kibaraza imechipua majani."

"Ya upande gani?"

"Kushoto."

Yolima alisogea hatua moja mbele kwenye foleni.

"Nimeona nikwambie wewe kwanza," alisema Rosendo.

Alikata simu, akachukua mbegu zake za viazi, akavuka ua. Bi Edelmira alimwona akija, akasogeza miguu kumpa nafasi upande wa kushoto.