Barua ya Mgongoni

Saa moja kasorobo asubuhi tarishi alikuwa uani mwa posta, anampiga burashi Bi Mkubwa, farasi wa ofisi, kama siku zote, kuanzia shingoni kurudi nyuma. Alipofika pale shingo inapokutana na mgongo, akaona nywele nyeupe zimeota katikati ya zile za kahawia. Zilikuwa zimejipanga mstari. Akarudi hatua moja, akavaa miwani, akasoma: Kwa tarishi.

Akaweka burashi chini. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amepeleka barua kwenye nyumba za mlimani, kule ambako gari linashindwa kupanda, na hakuna hata siku moja aliyoandikiwa yeye. Mkewe aliondoka kabla hawajazoeana. Mama yake hakujua kuandika, kisha akafa. Kaka yake alikuwa mtu wa simu, baadaye hata simu akaacha. Kila Ijumaa, akishamaliza kupanga mfuko, tarishi alichungulia kijumba cha mwisho kwenye kabati la barua, kile kisicho na jina, kisha akafunga mlango wa kabati polepole. Bwana posta alikuwa anajifanya hamwoni.

Barua iliendelea kuota. Wiki ya pili, chini kidogo upande wa kushoto, likatokea neno Hapa. Wiki ya tatu, upande wa kulia, Hapa tena. Mwandiko ulikuwa mzuri, umelala kidogo, kama wa watu waliosoma zamani. Tarishi alimwita bwana posta, naye akatoka na kikombe chake cha chai, akainama, akasoma pande zote mbili.

"Haina stempu," alisema.

"Haina."

"Basi siwezi kuiingiza kitabuni. Lakini ni yako, hilo halina ubishi. Umetajwa."

Akarudi ndani kabla chai haijapoa.

Tarishi alifurahi, na furaha haikumkaa vizuri maana hakuizoea. Alianza kunyoa kila siku. Alifika uani mapema, akasoma barua yake, ndipo akatandika. Farasi yeye hakuonekana kufurahi. Jina la Bi Mkubwa alilipata kwa sababu ya kupenda kutangulia, hata mbele ya bwana posta mlangoni, lakini siku hizo alibaki nyuma. Mshipi wa tumbo ukikazwa alivimbisha tumbo na kung'ata mkono wa koti la tarishi. Kwenye mteremko alitembea kwa vihatua vifupi, masikio yamelala nyuma. Tarishi akadhani ni uzee, au ni kiburi tu. Hata hivyo alimhurumia, akaongeza blanketi la pili chini ya tandiko. Halikusaidia, akaongeza la tatu.

Siku farasi alipokataa kabisa kushuka mlima, tarishi alimwongoza kwa kamba hadi kwa fundi wa matandiko, mwanamke mtu mzima ambaye karakana yake ilinuka ngozi na nta. Fundi hakuuliza maswali mengi. Alimpaka farasi unga wa chokaa mgongoni, akaweka tandiko juu, akamwambia tarishi apande na kuzunguka ua mara kumi. Kisha akaliondoa. Penye nafasi, chokaa ilikuwa bado pale. Penye kubana, ilikuwa imefutika, na maneno yalionekana wazi kuliko mwanzo. Hakuna herufi hata moja iliyokuwa nje ya mahali palipobanwa.

"Tandiko hili lilikatwa kwa kipimo cha farasi gani?"

"Wa kwanza wa ofisi. Alishakufa."

"Alikuwa mwembamba. Huyu ana mabega. Na haya mablanketi?"

"Nilimwonea huruma, mama."

"Kiatu kikikubana, unaongeza soksi?"

Tarishi alitazama viatu vyake.

"Mwanangu, hapa pameandikwa kwamba panauma. Umesoma mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

"Na hukuelewa."

"Nilielewa kwamba nimeandikiwa," alisema tarishi.

Fundi akachukua waya laini wa madini ya risasi, akaulaza juu ya mabega ya farasi mpaka ukashika umbo lake, akauchora kwenye karatasi na kuitundika ukutani. Wiki mbili baadaye tandiko jipya lilikuwa tayari. Kiunzi chake kilikuwa kipana na sufu imeshindiliwa kwa mkono. Lilipowekwa, kiganja cha fundi kilipita chini yake kutoka mbele hadi nyuma bila kukwama.

Siku hiyo Bi Mkubwa aliteremka mlima kwa hatua ndefu, anapuliza pua. Barua ya mwisho ilipokwisha kupelekwa, tarishi aliposhuka mgongoni, farasi alimwekea kidevu begani na kukiacha hapo, kizito na cha moto. Tarishi alisimama akakibeba. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Ilikuwa raha, na yeye mwenyewe hakuikana. Lakini alikuwa mtu wa posta, na jambo lisilo na maandishi hakujua aliweke kwenye kijumba gani.

Msimu wa kupukutika nywele ulipofika, zile nyeupe zilitoka na burashi. Tarishi alizikusanya kwenye bahasha. Ndani ya bahasha zilikuwa nywele tu. Zilizoota badala yake zilikuwa za kahawia, zinang'aa, na mgongo ulikuwa umenona kama wa farasi kijana. Kila asubuhi alivaa miwani akaupekua kutoka mabegani hadi kiunoni. Ijumaa alichungulia kijumba kisicho na jina. Upweke wake ulirudi, na safari hii ulimuuma zaidi, kwa kuwa sasa alijua kuandikiwa kunavyokuwa.

"Huna neno?" alimuuliza farasi.

Bi Mkubwa akamwekea kidevu begani. Tarishi akakisogeza pembeni taratibu.

Jumatatu aliteremsha tandiko la zamani kutoka kwenye msumari. Farasi aligeuza shingo, akalitazama, akalaza masikio, akavimbisha tumbo hata kabla mshipi haujamgusa. Tarishi hakusahau mablanketi yote matatu. Walipopita karakana, fundi alikuwa mlangoni anapaka uzi nta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu fundi, na macho yake yakabaki kwenye tandiko mpaka walipokata kona.

Wiki ya tatu nywele nyeupe zikaanza kuota. Kwa tarishi. Kisha Hapa, na Hapa tena, palepale pa zamani. Wiki ya nne, katikati ya mgongo, kwa mwandiko mdogo kuliko mwingine, likaongezeka neno moja: Ulijua.

Tarishi alilisoma mara mbili, na mara ya tatu kwa kutikisa midomo. Alichukua burashi laini akazilaza nywele vizuri ili herufi zisiparaganyike. Kisha akatandika blanketi la kwanza, la pili, la tatu, na tandiko juu yake, maana barua za mlimani huondoka saa mbili kamili. Njia nzima ya kupanda alikuwa anatunga jibu kichwani. Lilikuwa jibu refu, lenye adabu, na kama inavyotakiwa alilianza kwa salamu na kumuuliza farasi afya yake.